Jibu Sahihi ni Nzuri

Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja, na kama hapa Mpanda kuna watu wazima wanaojua kusalimia, sehemu kubwa ni kazi yangu. Kusoma na kuandika kulikuja baadaye. Wiki ya kwanza ilikuwa ya salamu. Nilisimama mlangoni asubuhi, watoto wakapita mbele yangu mmoja mmoja. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, mwalimu." Anaingia. Aliyejibu huku anajikuna au anaangalia chini alirudi nje akaanza upya. Niliwaambia kwamba salamu ina swali moja na jibu moja, sawa na mbili kujumlisha mbili, na anayejibu vingine anawaaibisha waliomlea.

Mwaka mmoja mtoto wa kike, mwembamba, sare imemzidi, alinijibu, "Si nzuri, mwalimu." Sikumuuliza kitu. Nilimsimamisha pembeni, nikaliambia darasa zima liitikie "nzuri" mara kumi ili asikie linavyosemwa. Kisha nikamwambia ajaribu tena. Akasema nzuri, nikamruhusu akae. Jina lake lilinitoka kichwani kabla mvua za mwaka ule hazijaisha.

Nalitaja hilo mapema ili ijulikane kwamba yaliyonikuta nilijipikia mwenyewe.

Nilistaafu, na mwaka huohuo mume wangu akafariki. Mtoto wa kiume yuko Mwanza, wa kike yuko Dar es Salaam. Nikabaki mtaa wa Nsemulwa na nyumba ya vyumba vinne, redio moja na kuku kumi na wawili. Watu walidhani napumzika. Mimi pia nilidhani napumzika, mpaka nilipojikuta asubuhi moja nimesimama uani na daftari, naita mahudhurio ya kuku. Wa kilemba, yupo. Wa shingo tupu, yupo. Yule mwekundu alichelewa kutoka bandani, nikamgombeza kwa dakika nzima kuhusu watu wasiothamini muda wa wenzao. Alinitazama kwa jicho moja, kama kuku wanavyotazama, na mimi nikaona aibu mbele ya kuku.

Kulikuwa na mengine. Mtangazaji wa redio akisema habari za jioni, mimi nilijibu nzuri, na akikosea ngeli nilimsahihisha. Nilipika ugali wa watu wawili, nikala wa nusu mtu. Usingizi ulikuja ukipenda wenyewe. Jumapili binti yangu alipiga simu kutoka Dar, akauliza, "Mama, upo salama?" nikajibu salama kabisa, akasema haya mama, nashukuru, na simu ikaisha kabla chai haijapoa. Nilikuwa mpweke. Sasa nalisema bila shida, lakini wakati ule ningekuchapa kama ungelisema mbele yangu.

Siku moja redio ileile ikaleta kipindi cha afya ya akili. Daktari akataja dalili, moja baada ya nyingine, na mimi kwa mazoea nikachukua kalamu nikajisahihisha. Nilizipata karibu zote. Tangu nianze shule sijawahi kufaulu mtihani kwa kiwango kile.

Daktari akasema msaada upo hospitalini, kuna siku ya kliniki. Hapa kwetu ni Alhamisi, na hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu kila mtu anaijua Alhamisi. Benchi la kliniki hiyo liko kwenye baraza, linaonekana toka getini, na ukikaa pale kabla ya saa nne, saa sita mji mzima umeshakupakia basi la kwenda Dodoma, hospitali ya vichaa, ukafungwe. Alhamisi ya kwanza nilikaa benchi la macho. Nikaitwa, nikasomeshwa herufi ukutani, nikazisoma zote hadi zile za chini kabisa, na jina la kiwanda lililoandikwa pembeni. Kijana aliyekuwa akinipima akaniambia nina macho mazuri kuliko yake. Nikarudi nyumbani mpweke vilevile.

Alhamisi iliyofuata nilijifunga kitenge hadi puani, nikakaa pale panapostahili. Mlango ukafunguliwa, akatoka muuguzi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, akaniona na kitenge changu chote.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

Ndiyo ubaya wa kufundisha mji mzima. Hakuna pa kuugulia.

Ndani akanipa kiti, akaniuliza habari za nyumbani. Nikasema nzuri. Akauliza watoto, nikasema hawajambo. Usingizi? Nalala vizuri. Chakula? Nakula vizuri mno. Akaandika, akaandika, halafu akaweka kalamu mezani akaniuliza kwa upole nimekuja kufanya nini. Nikafikiri sana. Nikamwambia nilikuwa napita, nikaona nije kusalimia.

Hakucheka. Ningemheshimu kidogo kama angecheka. Alisema kwamba kuna vidonge, na kuna mazungumzo, na vyote anavyo, lakini hawezi kunipa chochote kwa ugonjwa ambao sijausema. Akaniambia anaona kwamba nimezoea kujibu nzuri kabla swali halijafika. Kwa hiyo atanipa kazi ya kufanya nyumbani: kwa wiki moja, mtu yeyote akiniuliza habari, nijibu ukweli. Alhamisi nirudi nimweleze. Fikiria, mimi, miaka thelathini na moja, kupewa kazi ya nyumbani na mtu niliyemfundisha kushika penseli. Nikatoka pale nimevimba. Lakini kazi ni kazi, na mimi sijawahi kupokea daftari la mtoto aliyesema kasahau.

Ijumaa nilishindwa kabisa. Jirani yangu ni mama wa rika langu, aliyekulia Katumba, ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Ana mikono mikubwa, anasalimia kwa mikono yote miwili na hakuachii mpaka amalize kuulizia ukoo mzima. Aliniuliza habari mara sita siku ile, na mara sita nikasema nzuri. Ulimi ulikwenda wenyewe.

Jumamosi asubuhi nikaondoka kwenda sokoni nikiwa nimejiapiza. Kwenye kona nikamkuta dereva wa bodaboda ambaye pia alipita mikononi mwangu, yuko juu ya pikipiki yake anasubiri abiria.

"Shikamoo, mwalimu. Habari za asubuhi?"

"Mbaya," nikasema.

Sasa hapa lazima nieleze jambo ambalo muuguzi wangu, pamoja na vyeti vyake vyote, hakulifikiria. Kwetu huku mtu anaweza kuwa ameibiwa ng'ombe, paa limeondoka na upepo, na mguu umevunjika, na ukimuuliza habari atasema nzuri, isipokuwa. Hiyo isipokuwa ndiyo inabeba yote. Mtu mzima akianza moja kwa moja na mbaya, ina maana moja tu: kuna aliyekufa. Wala haulizwi kuna nini.

Yule kijana akazima pikipiki, akavua kofia.

"Nani, mwalimu?"

Nilitaka kumweleza. Nilikuwa na sentensi nzima, nimeipanga njiani, ina kiima na kiarifu. Lakini kile kitendo cha mtu kuzima pikipiki kwa ajili yangu, akavua kofia, akasubiri, kilinipata pabaya. Nikaanza kulia. Kwenye mazishi ya mume wangu mwenyewe sikulia, niliwapanga watu kwenye mistari. Sasa nikalia pale kwenye kona, mbele ya duka la simu, na kikapu changu kitupu mkononi. Kijana akasema, "Pole, mwalimu, pole sana," akawasha pikipiki na kuondoka kwa kasi. Nikafuta macho. Nikajisemea kwamba ndiyo hivyo, ukiwaambia ukweli wanakimbia, na nikaenda zangu sokoni nikiwa na hasira nzuri iliyonisaidia kupunguziwa bei ya vitunguu.

Nilikaa huko saa mbili hivi. Niliporudi, toka mbali nikaona turubai la bluu limefungwa, kamba moja kwenye nguzo ya umeme na nyingine kwenye paa la nyumba. Nikawaza, maskini, kuna msiba mtaani, na mimi sikuwa na habari. Nikaharakisha ili nisionekane jirani mbaya. Nilikuwa nimebakiza kama hatua ishirini nilipotambua kwamba paa lile ni langu.

Viti vya parokia vilikuwa vimepangwa. Wanaume wawili walikuwa wameshaanza kucheza drafti kwa huzuni. Uani, kina mama walikuwa wamewasha moto kwenye mafiga, sufuria ya maharage imeshabandikwa, mzigo wa kuni kama wa kuchoma tofali umeegemea ukuta wa choo. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa analima mpunga Majimoto na alikuwa mjini kwa shughuli zake, alikuwa ameshusha gunia la mchele. Jirani yangu wa mikono mikubwa alijua ninapoficha ufunguo, maana nimemwambia mwenyewe, kwa hiyo alikuwa ameingia, akatoa makochi yote nje na kutandika mikeka sebuleni kama inavyotakiwa. Makochi yalikuwa juani. Kuku wangu walikuwa wameyakalia. Kwa mazoea nikawahesabu. Walikuwa kumi na wawili.

Aliponiona, jirani yangu alinikumbatia, akaanza kulia kwa sauti, na wengine wakaitikia. Nilijaribu kuongea ndani ya kitenge chake lakini ni mwanamke mwenye kifua cha kutosha, maneno hayakutoka.

Mjumbe wetu wa mtaa akaja. Yeye ni Msukuma mwenye ng'ombe wengi na adabu chache, na kwa kuwa mimi ni Mfipa wa Karema, husema kwamba Wasukuma na Wafipa ni watani tangu enzi, kwa hiyo anaruhusiwa kunitukana na mimi siruhusiwi kukasirika. Siku hiyo hakuwa na utani. Alishika kofia yake kifuani.

"Mwalimu, pole. Sisi hatutaki kukusumbua, yaani mambo yote tumeshapanga. Vijana wameshachukua majembe wapo njiani kwenda makaburini. Wanachouliza ni urefu wa marehemu tu."

Hapo nikaelewa kwamba nikichelewa dakika tano nitakuwa na kaburi.

Nikapanda kwenye ngazi ya mlango wangu. Nikapiga makofi matatu, kama nilivyofanya kila asubuhi gwarideni, na nusu ya waombolezaji wakasimama wima bila kujua wamesimama kwa nini. Nilikuwa nimeandaa uongo. Nilikuwa nao mdomoni, kuhusu binamu wa mbali aliyefia Kigoma na kuzikwa hukohuko. Ungefaa kabisa. Wangenipa pole, wangekula, wangeondoka, na heshima yangu ingebaki pale ilipokuwa, na mimi pia ningebaki pale nilipokuwa, na kuku.

"Hakuna aliyekufa," nikasema. "Naomba mnisamehe. Niliulizwa habari nikajibu ukweli. Nimechoka kukaa peke yangu. Nimechoka sana. Ni hilo tu."

Moto ulikuwa unalia uani. Dereva wa bodaboda, aliyekuwa amezunguka mtaa mzima kutoa taarifa, aliangalia viatu vyake, na nikamhurumia maana alifanya kazi nzuri sana. Nilijua kwamba wakiondoka sasa, wakakunja turubai lao wakaondoka kimyakimya, mimi sitatoka tena nje ya ile nyumba.

Mjumbe akavaa kofia yake.

"Nyie mnawaona Wafipa?" akawaambia watu. "Wachoyo. Hata maiti wametunyima."

Kicheko kilianzia kwa wacheza drafti kikaenda mpaka jikoni. Mimi nilicheka nikiwa nalia, jambo ambalo kwa mtu wa umri wangu halipendezi. Mjumbe akapiga simu kuwarudisha vijana, na wale wa majembe wakarudi wamenuna kidogo, wakauliza kama chakula nacho kimefutwa. Jirani yangu akajibu kwa niaba yangu. Akasema maharage yameshaanza kuiva, na zaidi ya hapo, kwao kuni za msiba hazirudi nyumbani kwa aliyezileta. Zikirudi, zinarudi na msiba. Kwa hiyo kuni zote lazima zichomwe hapahapa.

Watu wakageuka kuutazama ule mzigo wa kuni. Mjumbe akakadiria kwa jicho la mtu wa kambi za ng'ombe, akasema siku tatu, labda nne tukipika na asubuhi.

Mpaka leo sijui kama hiyo mila ipo au aliitunga papo hapo. Nimemuuliza. Anasema nimuulize mama yake, na mama yake ameshafariki.

Wakati wali unapakuliwa simu ikaita, ilikuwa ni binti yangu, siku isiyokuwa Jumapili. Kundi la mtaa la WhatsApp lilikuwa limeshamfikishia taarifa. Alikuwa analia kiasi kwamba sikumsikia. Aliponisikia mimi akanyamaza.

"Mama, wamesema kuna msiba nyumbani. Nikajua ni wewe."

Nikamuuliza, ningekuwa mimi, simu ingepokelewa na nani. Akacheka na kulia pamoja; amerithi. Halafu akaniuliza, basi mama, habari za hapo? Nikavuta pumzi, nikamwambia si nzuri, mwanangu, si nzuri muda mrefu sasa. Tulizungumza mpaka wali wangu ukapoa, na nikaula hivyohivyo ukiwa wa baridi, sahani nzima.

Jua lilipoanza kupungua ndipo muuguzi akaja. Alikuwa ametoka zamu, amejifunga kanga juu ya sare, anatembea haraka, na uso wake ulikuwa wa mtu anayefikiri ameua. Alikuwa amesikia mjini kwamba kwa mwalimu kuna msiba. Akanikuta nimekaa kwenye kochi langu nje, katikati ya kuku, nasuluhisha ugomvi wa drafti. Nikamwambia kazi nimeifanya, na haya aliyoyaona ndiyo matokeo, asahihishe mwenyewe. Akaangalia turubai. Akaangalia majembe yaliyoegemezwa. Akakaa kwenye kochi karibu yangu akacheka mpaka akajifunika kanga.

Alipomaliza, akaniambia kwamba Alhamisi nirudi, kwamba watu wakiondoka bado kutakuwa na siku ndefu, na kwamba vidonge si aibu nikivihitaji. Nikakubali. Nilirudi, na bado narudi, na sijifungi tena kitenge puani. Sasa nakaa benchi la mbele kabisa na nawasalimia wanaopita getini kwa majina yao. Lakini hayo ni ya baadaye.

Jioni ile nilimuuliza jambo moja lililokuwa linanisumbua. Nilimuuliza wazo la kunikataza kusema nzuri alilitoa wapi, kwenye chuo gani.

Akawa anachuna uzi kwenye kanga yake.

"Kwako, mwalimu," akasema. "Darasa la kwanza. Nilikujibu si nzuri, ukanisimamisha pembeni."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekukumbusha kwamba mliwahi kuishi mtaa mmoja. Mimi ndiye niliyeshindwa kumtazama. Nilimwona yule mtoto, sare imemzidi, darasa zima linamwimbia neno moja mara kumi, na mimi nimeshika chaki, nimeridhika. Nikaona kwamba nilikuwa nimekaa miaka minne tangu nistaafu nikilalamika kwamba hakuna anayeniuliza, na mimi nilipouliza, kila asubuhi kwa miaka thelathini na moja, sikutaka kuambiwa.

Nikamwomba radhi. Akasema yameshapita, mwalimu. Nikamwambia hayajapita, mimi ndiye mwalimu, tunaanza upya. Nikakaa wima, nikasafisha koo.

"Habari za nyumbani?" nikamuuliza.

Alinitazama kuona kama natania. Kina mama walikuwa wanaosha sahani, mjumbe anadai kwa sauti kwamba Wafipa wanaiba kwenye drafti. Yeye alikuwa na zaidi ya miaka thelathini, ana vyeti, ana watoto wake, na kidevu chake kilianza kucheza kama cha mtoto wa miaka saba.

"Si nzuri, mwalimu," akasema.

"Nani?"

"Mama."

Nikamshusha yule kuku mwekundu kochini, nikasogea karibu, naye akaanza kunieleza ya asubuhi ile.